Kipimajoto Ndicho Kalenda: Shamba la Mboga la Pamoja Mwishoni mwa Mapukutiko

Nyanya zikishaungua kwa baridi, wengi husema msimu umekwisha. Hapana. Wiki hizi za mwisho za mapukutiko, majani ya miti yakiwa yameshalala chini na jua likichelewa kutoka na kuwahi kuzama, ndizo zinazoamua wanachama wa shamba la pamoja watakula nini miezi minne ijayo, na mwaka mpya utaukuta udongo katika hali gani. Kazi inatoka kwenye kukuza na kuingia kwenye kutunza. Tatizo ni kwamba kazi hizi hazifuati tarehe. Mwaka mmoja baridi ya kuua inawahi wiki tatu, mwaka mwingine inachelewa, na kikundi kinachofanya kazi kwa kuangalia kalenda ukutani hupoteza mazao kila mara. Tunachosisitiza sisi ni kipimajoto.

Nunueni viwili, vya aina inayohifadhi kiwango cha chini kabisa cha usiku. Kimoja kifungeni kwenye nguzo, kimo cha kifua. Cha pili kiwekeni sentimita 5 juu ya udongo, kwenye tuta lililo mahali pa chini kuliko yote shambani. Linganisheni kila asubuhi kwa wiki mbili, na mtashangaa. Usiku wa anga safi usio na upepo, ardhi hupoteza joto lake kuelekea juu, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kama maji na kutuama mabondeni. Kipimajoto cha nguzoni kinaweza kusoma nyuzi 3 juu ya sifuri huku saladi za tuta la chini zikiwa nyeupe kwa jalidi, yaani barafu nyembamba inayofunika majani. Kwa hiyo utabiri ukisema nyuzi 3, anga safi, upepo hakuna, chukulieni kwamba jalidi itashuka. Utabiri huohuo ukiwa na mawingu mazito hauna wasiwasi mkubwa, kwa sababu mawingu hufanya kazi ya blanketi.

Nani anakufa kwanza

Mrihani hauvumilii hata baridi ya kawaida. Chini ya nyuzi 5 majani yake huanza kuwa meusi kabla hata ya jalidi kufika. Wanaofuata ni nyanya, pilipili hoho, maharage, matango na mashina ya maboga, ambayo hufa kwenye sifuri au nyuzi 1 chini yake. Saladi iliyokomaa huharibika kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, ingawa saladi changa inastahimili zaidi. Majani ya bitiruti hufika nyuzi 4 hivi chini ya sifuri, kabichi iliyofunga hufika nyuzi 6, na liki (jamii ya kitunguu yenye shina refu jeupe) pamoja na sukuma wiki ya majani yaliyojikunja huweza kusimama hata kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, kutegemea aina ya mbegu.

Hesabu hizo zina sharti moja ambalo watu hulisahau: mmea uwe umezoeshwa. Mboga iliyopitia wiki tatu za baridi inayoongezeka polepole hubadilisha wanga wake kuwa sukari, na maji yenye sukari nyingi huhitaji baridi kali zaidi ili yagande. Ndiyo maana karoti na sukuma wiki za wakati huu ni tamu kuliko za kiangazi. Lakini wiki ya joto la nyuzi 15 ikifuatwa ghafla na usiku wa nyuzi 6 chini ya sifuri, sukuma wiki ileile ambayo ingestahimili nyuzi 10 inaweza kuanguka. Mabadiliko ya ghafla kama hayo ndiyo ya kuyaogopa kuliko baridi yenyewe.

Nendeni mkaangalie jani la sukuma wiki alfajiri baada ya jalidi. Limeinama, rangi yake imekuwa kijani cheusi, na ukilishika ni gumu kama karatasi iliyolowa ikakauka juani. Kingo zake zina punje ndogo za barafu, na ukilikunja linavunjika na kuacha alama ya kidole yenye majimaji. Jani hilo halijafa. Maji yaliyoganda yako nje ya seli, katikati ya tishu, na jua likipanda yatayeyuka na kurudi ndani taratibu. Kufika saa nne au saa tano asubuhi jani linakuwa limesimama tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukilichuma likiwa limeganda, limeondolewa kwenye shina kabla halijapata nafasi ya kujirudisha, na ndani ya kreti litaoza na kuteleza kama bamia kufika jioni. Kwa sababu hiyo ratiba ya uvunaji isogezwe: hakuna kuchuma majani kabla hayajalainika yenyewe. Kama kuna gari linalosubiri mzigo saa moja asubuhi, chumeni mchana wa siku iliyotangulia.

Kitambaa, na jinsi kinavyoharibiwa

Kitambaa chepesi cheupe cha kufunika mimea huuzwa kwa uzito. Cha gramu 17 hadi 19 kwa mita ya mraba huongeza nyuzi 1 au 2 tu. Cha gramu 30 huongeza 2 au 3. Cha gramu 50 huongeza 3 au 4, lakini hicho hula mwanga mwingi, kwa hiyo ni cha kutandazwa usiku na kutolewa mchana. Tabaka mbili za kitambaa chepesi zenye nafasi ya hewa katikati mara nyingi hushinda tabaka moja nzito.

Makosa ni yaleyale kila mwaka. La kwanza ni kulaza kitambaa moja kwa moja juu ya majani. Penye mguso ndipo panapoungua, kwa sababu kitambaa kilicholowa kikaganda huvuta joto kutoka kwenye jani. Wekeni matao ya waya mnene au mabomba ya plastiki yanayopinda, tao moja kila mita 1.5, na kitambaa kisigusane na mmea. La pili ni kushikilia kingo kwa mawe yenye makali; upepo wa usiku mmoja unatosha kuchana kitambaa kipya. Mifuko midogo iliyojazwa mchanga, kilo 4 au 5 kila mmoja, moja kila mita 2 pande zote mbili, hukaa vizuri zaidi. La tatu ni kufunika jioni sana. Joto mnalolihifadhi ni lile ambalo udongo umelikusanya mchana, kwa hiyo funikeni jua likiwa bado lipo, takriban saa moja kabla halijazama. Ukifunika saa tatu usiku, umefunika baridi.

Kwenye kitalu nyumba cha nailoni hatari ni kinyume chake. Siku ya jua, hata nje kukiwa na nyuzi 4, ndani hupanda haraka, unyevu hutiririka kwenye nailoni na kudondokea majani, na ukungu wa kijivu huanza kwenye saladi kuanzia majani ya chini yanayogusa udongo. Fungueni milango yote miwili asubuhi, hata kama ni kwa saa mbili tu, halafu fungeni mchana mapema. Maji yapunguzwe sana. Mwagilieni asubuhi tu, na ikiwezekana siku ya jua, ili majani yakauke kabla ya giza.

Kuna jambo jingine ambalo kitambaa hakiwezi kulitibu, nalo ni mwanga. Urefu wa mchana ukipungua chini ya muda wa saa 10, mboga nyingi husimama kukua, hata zikiwa ndani ya kitalu chenye joto la kutosha. Kwenye latitudo ya nyuzi 45 hivi kipindi hicho huchukua takriban miezi mitatu. Maana yake ni kwamba spinachi na saladi za kuvunwa wakati wa baridi zinatakiwa ziwe zimefikia robo tatu ya ukubwa wake kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo tuta ni kama ghala lenye majani mabichi: unachukua kilichopo, hakiongezeki. Kikundi kisipolielewa hili hugawa majani kwa ukarimu wiki mbili za kwanza, kisha kinakaa bila kitu.

Kuingiza ndani

Nyanya za kijani ziondolewe kabla ya jalidi, siyo baada. Tunda lililoguswa na barafu huoza hata kama kwa macho linaonekana zima. Chagueni yale yaliyojaa, yenye ngozi inayong'aa na rangi iliyoanza kupauka. Yale madogo ya kijani kibichi hayataiva, yapikwe. Yapangeni safu moja, yasigusane, mahali penye nyuzi 13 hadi 18. Jua si lazima. Yakikaa chini ya nyuzi 10 hupoteza uwezo wa kuiva vizuri na kubaki na ladha ya maji. Tufaha moja bivu ndani ya boksi huharakisha kazi kwa sababu ya gesi ya ethilini inayotoka kwake. Kagueni kila siku ya pili.

Tufaha hilohilo ni adui kwenye chumba cha karoti, maana ethilini huzitia uchungu. Msichanganye.

Maboga yakatwe kikonyo kikiwa na urefu wa sentimita 5 au zaidi, na asiwepo mtu wa kulibeba boga kwa kikonyo. Kikivunjika, umefungua mlango wa kuoza. Yapumzisheni siku 10 hadi 14 mahali pakavu penye joto la nyuzi 25 au zaidi kidogo, ngozi iwe ngumu kiasi kwamba ukucha hauingii, ndipo yahamie penye nyuzi 10 hadi 13. Sakafu ya saruji iwekwe mbao kwanza.

Viazi mviringo vina kipindi chao cha kupona: siku 10 hadi 14 gizani, nyuzi 10 hadi 15, hewa ikiwa na unyevu mwingi, ili michubuko ya jembe ifunikwe na ngozi mpya. Baada ya hapo nyuzi 4 hadi 7. Chini ya nyuzi 4 wanga hugeuka sukari, na kiazi kikikaangwa kinakuwa cheusi. Mwanga, hata wa balbu inayowaka kwa muda mrefu, hukifanya kijani na kukitia sumu ya solanini. Kila kiazi kilichokatwa na jembe kitengwe siku ileile na kiliwe kwanza.

Karoti na bitiruti ndizo zinazotupa kazi kubwa, na ndizo zinazolipa zaidi. Zing'oeni siku kavu. Msizioshe. Kung'uteni udongo kwa mkono tu, maana kusugua huchuna ngozi. Majani ya karoti yakatwe yabaki kama sentimita 1, yaani kisiki kifupi bila kugusa kichwa. Ya bitiruti yaachwe sentimita 3 na mkia wake usiguswe, kwa kuwa bitiruti iliyokatwa karibu hutoa damu yake yote ikapauka na kunyauka. Yenye ufa, yenye tundu la funza, au iliyovunjika ncha isiingie sandukuni.

Mchanga wa kuhifadhia uwe mkavu kuliko watu wanavyodhani. Chukueni konzi, mkamue: ushikamane kidogo ukifungua kiganja, kisha ubomoke ukiguswa, na kiganja kibaki na ubaridi bila tone la maji. Ukiacha kiganja kimelowa, ongezeni mchanga mkavu. Weka tabaka la sentimita 3 chini ya kreti, panga karoti zilale bila kugusana, funika kwa mchanga, endelea hivyo hadi juu na umalizie kwa sentimita 5. Kinachotakiwa ni nyuzi 0 hadi 2 na unyevu wa hewa wa karibu asilimia 95. Karoti zikilegea kama mpira, mchanga umekauka. Zikitoa vinyweleo vyeupe vya mizizi na majani mapya, chumba kina joto. Zikiwa na utelezi, maji yamezidi au iliingia moja mbovu. Kila kosa lina alama yake, kwa hiyo chimbueni kona moja ya kreti kila wiki mbili badala ya kusubiri siku ya kugawa.

Vitunguu maji na vitunguu saumu havitaki chumba hicho hata kidogo. Vinataka ubaridi pamoja na ukavu, unyevu wa asilimia 60 hadi 70, ndani ya nyavu zinazopitisha hewa.

Karoti nyingine zinaweza kubaki ardhini chini ya sentimita 30 za nyasi kavu. Njia hii tunaipenda kwa tuta moja tu, siyo shamba zima, kwa sababu panya wa shamba hupenda nyasi hizo kana kwamba wamejengewa nyumba. Subirini udongo uanze kuganda juujuu ndipo mtandaze. Kufikia hapo wengi wao wanakuwa wameshapata makazi kwingine. Liki zibaki, lakini zichimbuliwe kwa uma wa kulimia. Kuivuta liki kwenye udongo ulioshikana ni kuikata katikati.

Kitunguu saumu

Hili ndilo zao pekee la chakula tunalolipanda wakati kila kitu kinaondolewa, na kikundi kikilikosea hakigundui hadi kiangazi, wakati hakuna cha kurekebisha.

Kitunguu saumu kinahitaji baridi ili kigawanyike kuwa punje. Kikikosa baridi ya kutosha kinatoa kitunguu kimoja cha mviringo bila punje ndani. Kinahitaji pia muda wa kutoa mizizi kabla udongo haujaganda. Kwa hiyo dirisha lake ni wiki 4 hadi 6 kabla ya udongo kuganda kabisa. Kipimajoto cha udongo kikisoma nyuzi 10 kwa kina cha sentimita 10, anzeni. Ukiwahi sana majani hutoka marefu na kuchomwa na baridi. Ukichelewa, punje isiyo na mizizi husukumwa juu na udongo unaoganda na kuyeyuka, na asubuhi utaikuta imelala juu ya tuta.

Tuta liwe halijaona kitunguu, liki wala jamaa zake kwa miaka 3 au 4. Kama kuna sehemu iliyowahi kuonyesha uozo mweupe, ule wa nyuzi nyeupe kama pamba zenye vitone vyeusi kwenye kitako, sahauni sehemu hiyo kwa zao hili. Vitone hivyo hukaa hai udongoni zaidi ya miaka 20, na husafiri kwa viatu na magurudumu ya toroli.

Vunjeni vitunguu vya mbegu siku ya kupanda au siku moja kabla, siyo wiki kabla, kwa maana kitako kilichokauka huchelewa kutoa mizizi. Kiangalieni kitako hicho: ni kisahani kidogo kigumu chini ya punje, na kando yake mara nyingine mtaona vidoti vya mizizi vinavyotaka kutoka. Punje ambayo kisahani chake kimebanduka haipandwi. Punje laini, yenye doa la kahawia, au iliyo nyepesi kupita ukubwa wake, haipandwi. Ndogo zipelekwe jikoni, maana punje kubwa huzaa kitunguu kikubwa. Hapa ndipo palipo na ugumu wa kibinadamu: kila mtu angependa kula zile kubwa. Kikundi kiamue mapema, wakati wa kuvuna, vitunguu vipi ni vya mbegu, na vifungwe kando.

Hesabu inakwenda hivi. Kitunguu cha gramu 50 chenye punje 6 kinakupa vitunguu 20 na punje 120 kwa kilo. Tuta la mita 10 lenye mistari 4, punje kila sentimita 15, linachukua punje karibu 265. Kwa hiyo leteni kilo 2 na nusu, kwa kuwa nyingine zitakataliwa. Kati ya mstari na mstari acheni sentimita 20 hadi 25. Ncha iangalie juu, kitako chini, na juu ya ncha pawe na sentimita 5 za udongo. Iliyopandwa kichwa chini huota, lakini shingo hujipinda na kitunguu kinakuwa kibaya. Watu wengi wakipanda kwa pamoja, tembezeni ubao wenye alama za sentimita 15 mbele yao, la sivyo kila mmoja atakuwa na kipimo chake. Mshindilie udongo kwa kiganja. Kama ni mkavu, mwagieni mara moja.

Halafu matandazo: sentimita 10 hadi 15 za mabua ya ngano au shayiri. Nyasi za malisho zina mbegu, na mtapalilia mwaka mzima. Kama udongo wenu hutuama maji, pandisheni tuta sentimita 15 na matandazo yawe mepesi, kwa kuwa kitunguu saumu huvumilia baridi kuliko kinavyovumilia kuloa.

Udongo usilale uchi

Mashina ya maharage yakatwe usawa wa ardhi na mizizi ibaki, ili vinundu vyake viozee humohumo. Nyanya zilizokuwa na afya vivyo hivyo. Lakini kabichi ikiwa na mizizi iliyovimba kama rungu, ing'olewe yote na isiingie kwenye mboji, wala mmea wowote wenye fundo za minyoo ya mizizi. Bakajani ya viazi na nyanya huishi zaidi kwenye tishu hai, kwa hiyo hatari kubwa ni viazi vilivyosahaulika udongoni na vile vibovu vilivyotupwa pembeni: vitachipua na kuuamsha ugonjwa. Vikusanyeni vyote.

Mahali palipobaki wazi pandwe zao la kufunika udongo ikiwa bado kuna wiki 4 au 5 kabla ya kuganda. Aina zote za mazao hayo zimeshachelewa kufikia sasa isipokuwa rai, nafaka inayoota hata udongo ukiwa na nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mwageni gramu 10 hadi 15 kwa mita ya mraba, mfukie kwa reki, mkanyage. Mjue mnachojiingiza ndani yake: rai hukua haraka mno mwanzoni mwa joto. Ikatwe kabla haijatoa masuke, na mpitishe wiki 2 au 3 kabla ya kusia mbegu ndogo kama karoti, kwa sababu mabaki yake huzuia uotaji na hushikilia naitrojeni. Kwa hiyo rai iende kwenye tuta la miche ya baadaye kama nyanya na maboga, siyo kwenye tuta la mboga za kwanza.

Palipochelewa wekeni majani ya miti. Yakatwekatwe kwanza kwa mashine ya kukatia nyasi. Yakiwa mazima hulala kama karatasi na kuzuia hewa na maji. Sentimita 10 zinatosha. Majani ya mti wa walnati yakataeni, na yaliyofagiliwa barabarani pia. Yanayobaki yatiwe kwenye boma la waya, yaloweshwe, yaachwe mwaka mmoja hadi miwili.

Lundo la mboji likiwa chini ya mita 1 kila upande halitapata joto sasa. Unganisheni malundo madogo kuwa moja, changanyeni mabichi na makavu, lifunikwe kwa turubai ili mvua isilizamishe. Samadi mbichi ikitandazwa sasa ni jambo jema, lakini hesabuni siku 120 kabla ya kuvuna chochote kinachogusa udongo.

Na ni wakati mzuri wa kupima udongo. Sampuli 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 15, zichanganywe kwenye ndoo ya plastiki, kwani ndoo ya mabati huongeza zinki kwenye majibu. Chokaa ya kilimo, ikihitajika, huchukua miezi kufanya kazi, hivyo inayomwagwa sasa itakuwa imefanya kazi kufika majira ya kupanda. Isimwagwe pamoja na samadi mbichi, maana naitrojeni itapanda hewani kama amonia.

Maji

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hayana huruma na shaba wala plastiki. Fungeni koki kuu, fungueni koki zote za mwisho, anzieni juu kushuka chini. Koki zenye tufe la chuma linalozunguka ndani huachwa nusu wazi, kwa sababu zikifungwa kabisa au kufunguliwa kabisa hubakiza maji kwenye nafasi inayolizunguka tufe hilo, na ndipo zinapopasuka. Chujio na kidhibiti cha msukumo cha mfumo wa umwagiliaji wa matone vifunguliwe na kupelekwa ndani. Hivi viwili ndivyo vinavyopasuka kuliko vyote na ndivyo ghali. Mistari ya matone isafishwe kwa kufungua ncha zake maji yakiwa bado yanatiririka, kisha ikunjwe kwenye roli kubwa. Ikikunjwa kwa pembe kali itavuja kwenye kila mkunjo. Kila roli ifungwe kibao chenye jina la tuta na urefu, kimeandikwa kwa penseli. Penseli hudumu nje. Wino wa kalamu ya kuandikia huchujuka.

Majembe na sepeto zisuguliwe udongo, zinolewe kwa tupa, na mipini ipakwe mafuta ya kitani. Matambara yaliyotumika kupakia mafuta hayo yasirundikwe pembeni. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo la matambara linaweza kujiwasha moto lenyewe usiku ndani ya ghala. Yatandazeni nje yakauke moja moja, au yatieni kwenye kopo la maji.

Daftari

Kwenye shamba la mtu mmoja kumbukumbu inaweza kukaa kichwani. Kwenye shamba la watu 20 haiwezi, kwa sababu aliyepanda tuta la tano si atakayelipalilia. Ramani ya matuta ichorwe sasa, mabaki ya mimea yakiwa bado yanaonekana: familia ya zao lililokuwa pale, ugonjwa uliotokea, na kilichopandwa mwisho. Andikeni usomaji wa vipimajoto vyote viwili kila asubuhi, na pembeni yake zao lililoharibika usiku huo. Andikeni uzito wa kilichoingia ghalani, na kilichotupwa, na sababu ya kukitupa.

Mgao pia uandikwe kabla ya ghala kujaa. Pimeni vyote, toeni moja ya tano kwa ajili ya vitakavyooza, gawanyeni kilichobaki kwa idadi ya wiki na idadi ya kaya. Kilo 180 za karoti zinakuwa 144; kwa kaya 12 na wiki 12 ni kilo moja kwa kaya kwa wiki. Kila mgao ukitoka, aliyefungua kreti aandike alichokikuta ndani: ngumu, zimelegea, zimechipua, zina utelezi. Zikiwa zimeanza kulegea, kreti hiyo itoke yote wiki hiyo, na ile nzuri ibaki imefungwa.